Kurasa za Makarius

Mwaka 1999 pale Kibondo, mtu wa kompyuta alikuwa mtu wa peke yake, na Makarius ndiye huyo. Kapera wa miaka arobaini, chumba cha kupanga, ndugu zake na mama yake wako Kasulu. Shirika la wakimbizi lililomwajiri lilikuwa na ofisi miji yote miwili, naye alilitengenezea mtandao wa ndani: kurasa za zamu za magari, za likizo, za matangazo. Kompyuta za Kibondo aliziunganisha kwa waya. Habari za Kasulu zililetwa na gari, siku za kazi, kwenye disketi.

Nani alisoma? Thubutu! Watu walitaka habari kwa mdomo, chumba cha chai, na salamu zake zote. Mashine ilimhesabia wasomaji: leo wawili, kesho mmoja, na huyo mmoja ni yeye mwenyewe. Mkuu wa ofisi akamwambia wazi, "Mwisho wa mwezi wasiposoma, nang'oa waya zako." Roho ikamuuma. Akabandika amri ofisi zote mbili: habari yoyote ipite kwenye kurasa, marufuku redio ya upepo ya kuitana ofisi kwa ofisi, marufuku mdomo.

Jumatatu moja alianzia kijijini Kitahana kutengeneza mashine. Disketi akaiingiza Pelagia, karani wa Kibondo. Makarius alipofika saa tano akatazama hesabu: thelathini na mmoja! Ofisi nzima! Akacheka, akapita meza hadi meza. "Mmesoma! Jamani, si niliwaambia?"

Watu wakainamisha macho. Pelagia akasema, "Kaka Makarius, njoo ukae kwanza, unywe chai."

"Chai baadaye, dada," akajibu, akaenda kufungua ukurasa.

Kwetu habari ya msiba huletwa na mtu mzima. Anakuketisha, anaona umetia kitu tumboni, ndipo anasema. Ijumaa iliyotangulia ndugu zake Makarius walikwenda ofisi ya Kasulu kuomba aitwe kwenye redio. Swaumu, karani wa kule, msichana mtiifu, akawaonyesha amri ukutani, akaandika chini ya zamu za magari: "Mama yake Makarius amefariki leo. Mazishi Jumapili saa nane." Gari la siku hiyo lilikwisha ondoka; disketi ikangoja la Jumatatu.

Makarius alisoma mara mbili. Wenzake wakaingia mmoja mmoja kumpa pole, naye hakuwasikia. Jana yake, Jumapili saa nane, alikuwa amekaa kiti hichohicho, peke yake ofisi nzima, anachagua rangi ya ukurasa wa matangazo.