Mstari Ulionyooka wa Bani la Pili

Mjukuu wangu anaandika programu za vikompyuta vidogo kuliko kiberiti, vya kupimia joto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Juzi alinieleza kwa fahari kwamba vipimo havitulii, hurukaruka, basi programu yake hukitupa chochote kilichopishana mno na cha kabla yake.

"Na mahali pake unaandika nini?" nikamwuliza.

"Kile cha zamani, bibi. Kinarudiwa."

Kazi hiyo niliifanya mimi kwa penseli, enzi za vijiji vya ujamaa, na niliifanya vizuri mno.

Nilikuwa binti wa mjini, mtaa wa Mtendeni, baba yangu fundi cherehani, na mwandiko wangu ulisifiwa mtaa mzima. Kwa sifa hiyo moja nikapelekwa kuwa karani wa vipimo katika kijiji kipya ng'ambo ya Igalula. Tumbaku nilikuwa nimeiona puani mwa bibi yangu tu, lakini haikudhuru. Siku zile aliyejua kuandika alihesabiwa kuwa anajua kila kitu.

Kijiji kilikuwa na mabani mawili ya udongo. La pili, moto wake ulilishwa na mzee mmoja wa Kinyamwezi aliyelima tumbaku kabla sijazaliwa. Kila saa nilichungulia kidirishani, nikasoma kipimajoto cha Farenhaiti, nikaandika. Namba hazikuwa na adabu. Mlango ukifunguliwa zinashuka, upepo ukigeuka zinapanda, na mwenzangu wa zamu alisoma huku amefumba jicho moja, tena lile zima.

Bwana shamba alipokuja kutoka mjini akaitazama karatasi yangu ya miraba, mstari umejaa milima na mabonde.

"Huu ugonjwa gani?" akauliza. "Wakubwa wakiona hivi watadhani kijiji kizima kimelewa."

Akatoa dawa. Kipimo kitakachopishana na kilichoandikwa kabla yake kwa zaidi ya digrii kumi na tano ni kosa la macho: kisiandikwe, kirudiwe cha awali. Na mlisha moto asipunguze kuni mpaka karatasi iseme. Tukaitisha mkutano, mikono ikanyooshwa, ikapita. Pengine sisi ndio watu wa kwanza duniani kuamua joto kwa kura. Mzee hakunyoosha mkono, akaandikwa kuwa amekubali.

Kwa wiki mbili mstari wangu ulinyooka kama mshono wa baba. Niliupenda, sitaficha. Bwana shamba aliusifu mbele ya watu, nami nikaanza kutembea kama mke wa mkuu wa wilaya.

Ikafika siku ya kukausha vishipa vya kati vya majani, hatua ya mwisho na ya hatari. Saa sita mchana niliandika mia na hamsini. Saa saba kipimajoto kikasema mia na sabini. Tofauti ishirini, kosa la macho; nikaandika mia na hamsini. Saa nane kikasema mia na themanini. Nikakilinganisha na kilichoandikwa, kama tulivyoagizwa, nikaandika mia na hamsini. Huo ndio uliokuwa uzuri wa kanuni yetu: kadiri joto lilivyozidi kupanda, ndivyo lilivyozidi kuwa kosa.

Mzee akaja, jasho linamtiririka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Bani limechemka. Niache nitoe kuni."

Nikamwonyesha karatasi. "Mia na hamsini, mzee. Halijapanda."

"Hebu chungulia tena."

"Nimeshachungulia."

Na kweli nilikuwa nimechungulia. Akaenda, akarudi, akaniomba mara ya pili. Karatasi ikamkatalia mara ya pili, kwa mdomo wangu.

Kabla ya saa tisa jani kavu lilidondoka juu ya bomba la moto linalopita sakafuni mwa bani, likawaka. Bani likaungua lote kabla ndoo ya kwanza haijafika, na ndani yake jasho la mwaka mzima la kaya zote, ya mzee ikiwemo. Wanawake walilia wazi wazi. Mimi niliokoa karatasi.

Kamati ilikaa kesho yake asubuhi kumtafuta mwenye kosa. Mzee akasema alinionya mara mbili. Nikaamriwa kusoma. Nikasimama, nikasoma kwa sauti yangu ya shule: mia na hamsini, mia na hamsini, mia na hamsini. Ushahidi gani tena? Joto halikupanda, basi ni uzembe wa mlisha moto. Mjumbe mmoja akakumbuka kwamba mzee huvuta kiko. Wakaamua ahame.

Kabla hajatoka, mzee akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwanangu, ndivyo ulivyoona?"

"Ndivyo nilivyoandika," nikamjibu.

Kamati ikaridhika. Yeye peke yake ndiye aliyesikia kwamba sikumjibu. Aliondoka na mkewe kwa miguu, wameshika njia ya Tura, magodoro kichwani. Niliona aibu, lakini nilikuwa na kazi na sifa, nami nikachagua kunyamaza. Jioni nikaulizwa kama nitaweza kupima bani la kwanza pia, nikasema nitaweza.