Kajiru Hakutoroka

Eliwaza aliimba kwaya kijijini kwao Mhezi tangu usichana wake, na sauti yake watu wa milimani waliijua. Lakini kila alipogombana na mtu, iwe kwa sababu ya maji ya mfereji au mbuzi aliyeingia shambani, alirushiwa neno lilelile: "Ninyi si ndio ukoo wa mtoro?"

Mtoro aliyesemwa ni babu yake, Kajiru. Katika ile vita ya kwanza ya Wazungu, Waingereza walipoingia Upare, alichukuliwa pamoja na vijana wenzake kubeba mizigo ya jeshi. Akaacha mke na mtoto mchanga, Zephania, ambaye ndiye baba yake Eliwaza. Vita ikaisha, wachache wakarudi, Kajiru hakurudi. Uvumi ukaenea: ametoroka, ameoa huko kusini. Zephania alikua na maneno hayo, akazeeka nayo, akafa nayo. Eliwaza naye, ingawa alimtetea babu yake mbele za watu, moyoni hakuwa na hakika.

Ndipo akaja Irine, binti aliyeongoza kikundi cha maigizo kutoka Dar es Salaam. Walikuwa wakiandaa onyesho la kuwakumbuka wapagazi wa vita ile, ambao wengi wao hawajulikani hata walipozikwa. Alitafuta sauti za wajukuu wao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ila mimi sina la kusema, mwanangu. Babu yangu hakurudi, basi."

"Sema hilohilo, bibi."

Kaka yake Eliwaza, Hezroni, alikataa katakata. "Unataka kututangaza mpaka Same mjini?" Eliwaza alikaa na jambo hilo siku kadhaa, akipalilia tangawizi yake, kisha akamwita Irine na kusema maneno machache kwenye simu yake ya kurekodia.

Siku ya onyesho ukumbi wa Same mjini ulijaa, na hata Hezroni alikuja, akaketi kando ya dada yake. Taa zikazimwa, na kwenye kitambaa cheupe zikatokea picha za zamani: wanaume vifua wazi, masanduku vichwani, mstari usioonekana mwisho. Mbele ya picha hizo waigizaji walipita wameinama, miguu ikipiga jukwaa sambamba na ngoma. Mmoja alianguka, wenzake wakamruka, kwani hawakuruhusiwa kusimama. Eliwaza akajikuta ameushika mkono wa Hezroni. Kisha ngoma ikanyamaza, na sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye spika:

"Babu yangu aliitwa Kajiru, wa Mhezi. Alichukuliwa kubeba mizigo. Hakurudi. Hatujui alilala wapi."

Akainamisha kichwa akisubiri kicheko. Hakucheka mtu.

Taa zilipowashwa, Irine aliwakaribisha watu kuwataja wazee wao. Mzee mmoja akasimama nyuma, kofia mkononi.

"Naitwa Fredrick, wa Maore. Babu yangu alikuwa mpagazi, yeye alirudi. Alitusimulia habari za mwenzake, Kajiru, mtu wa milimani. Walipangwa kubeba sanduku moja la risasi, mmoja mbele, mmoja nyuma. Kajiru aliugua kuhara damu ng'ambo ya Rufiji. Babu alimzika kwa mikono yake. Alisema kila jioni mtu yule alikuwa akimtaja mwanawe, Zephania."

"Mbona hamkutuambia?" Hezroni aliuliza.

"Babu hakukijua kijiji chake, aliijua milima tu. Na alirudi na mguu mbovu, mlima hakuuweza. Mhezi nimeisikia leo."

Eliwaza alikuwa ameshafika aliposimama Fredrick. "Kumbe hakutoroka?"

"Hakutoroka, dada."

Akamshika mzee yule mabega akilia na kucheka kwa pamoja. Kitu kilichombana kifuani tangu utotoni kiliachia, akavuta pumzi hadi chini kabisa.

Baada ya mavuno Fredrick alipanda Mhezi. Kanisani mchungaji alimtaja Kajiru kwa jina, na kwaya ikaimba, sauti ya Eliwaza ikiwa juu ya zote. Nyumbani, sahani za makande mikononi, Hezroni hakumpa mgeni nafasi ya kula.

"Alikuwa mrefu? Alikuwa mcheshi?"

"Mrefu sijui. Ila babu alisema hajapata kumwona mtu anayekoroma vile. Kambi nzima ilikuwa ikimhamisha akalale mbali."

Mke wa Hezroni aliangua kicheko, akamnyooshea mumewe kidole. Eliwaza alicheka mpaka akaweka sahani chini.