Saba Yenye Mkanda

Kwa miaka kumi na moja fundi mmoja wa cherehani hakuandika hata herufi moja katika daftari la mtoto. Ndiyo iliyokuwa sheria ya darasa lake, na mzazi aliisikia siku ya kwanza, kabla hajakaa: "Hapa hulipi kitu. Lakini kalamu ya mtoto siishiki. Nikiishika mimi hapa, shuleni atashikiwa na nani?"

Darasa lenyewe lilikuwa chumba chake cha kushonea. Ikifika saa kumi jioni alifunika cherehani, akakusanya kazi za wateja, na watoto kumi na tisa wakaizunguka meza ya kukatia, wengine wamekalia majora ya vitambaa. Walikuwa watoto wa vibarua, wapagazi na wafua nguo, watu wasioweza kulipia masomo ya ziada. Ubao hakuwa nao. Alitundika ukutani kipande cha bitana nyeusi, akaandika kwa chaki ya kuchorea nguo, na mtoto aliyeitwa mbele aliandika hapo hapo. Somo likiisha alikikung'uta dirishani mara tatu. Watoto walimwita Mama Chaki.

Saba zake alizikata mstari katikati. Zamani aliwahi kuisoma saba kuwa moja, akakata suruali ya mtu mzima ikamtosha mtoto.

"Mama Chaki, mbona saba yako imevaa mkanda?"

"Isipovaa, suruali itaiponyoka mbele za watu."

Miongoni mwao alikuwamo binti wa mfua nguo, mwembamba hata wenzake wakamwita Sindano. Shule ilikuwa na nafasi moja ya ufadhili wa sekondari na majina matatu, lake likiwamo. Kilichobaki kuangaliwa ni daftari la hesabu, la kukusanywa Ijumaa asubuhi.

Alhamisi jioni Sindano alikuja na homa. Maswali sita ya mwisho aliyafanya kwenye kitambaa, amesimama, mkono mmoja umeshika ukuta. Kisha akalaza kichwa mezani.

"Mama, siioni mistari. Niandikie tu. Si nimeshayafanya?"

"Sheria unaijua."

"Naijua," akasema, wala hakuomba tena.

Kutoomba huko ndiko kulikomshinda. Mama Chaki alichukua kalamu, akanakili majibu ya mtoto katika daftari lake kama yalivyokuwa, tarakimu kwa tarakimu. Watoto walipoondoka, mkono wake ukafanya ulichozoea: ukatungua kitambaa, ukakikung'uta dirishani mara tatu. Hesabu za Sindano zikapeperuka vumbi jeupe.

Jumatatu aliingia mwalimu wa Sindano wa shuleni, mteja wake wa siku nyingi. Hakuleta kitambaa. Aliweka mezani kijikaratasi alichoandikiwa na Mama Chaki vipimo vya suruali yake, kiuno thelathini na saba, na kando yake akafungua daftari la Sindano.

"Fundi, hizi saba si ndugu?"

Mama Chaki alikigeuza kijikaratasi kifudifudi.

"Mwalimu mkuu atamhoji mtoto Jumatano. Orodha ya ufadhili inaondoka siku hiyo hiyo kabla ya mchana."

Siku mbili hizo Mama Chaki alishona kola moja na kuifumua mara tatu. Kila hatua mlangoni ilimshtua. Jumanne alikuja mfua nguo, mikono bado ina povu.

"Dada, mwanangu hali chakula. Anasema hatakutaja. Atasema kaandika mwenyewe."

"Nani kamfundisha kudanganya?"

Mara tu alipouliza, Mama Chaki akajua kwamba aliyemfundisha ni yeye mwenyewe.

Jumatano alifika shuleni kabla ya kengele. Sindano alikuwa amesimama ofisini kwa mwalimu mkuu, rula na kalamu mkononi.

"Shikamoo, mama," mtoto akanong'ona, macho chini.

"Marahaba. Nyamaza, leo nasema mimi." Akamgeukia mwalimu mkuu. "Mwandiko ni wangu. Hesabu ni zake. Alizifanya kwenye kitambaa akiwa na homa."

"Kitambaa kiko wapi?"

"Kipo. Nilishakikung'uta."

Mwalimu mkuu alicheka kidogo, bila furaha. "Mama, ushahidi umeutupa dirishani. Na hao wengine kumi na wanane wanaokuja kwako, madaftari yao niyaamini vipi?"

Hakuwa mtu mbaya. Lilikuwa swali la haki.

"Nitampa maswali mapya sita, hapa, sasa," akaendelea. "Lakini darasa lako liishe leo, niweze kuwaambia wenzangu kwamba jambo hili limekwisha. Ukikataa, endelea na darasa lako, na jina hili nalikata. Chagua."

Mama Chaki aliomba apewe hadi kesho. Mwalimu mkuu alimwonyesha saa ya ukutani.

Mama Chaki alimtazama Sindano.

"Mpe maswali."

Akangoja nje kwenye benchi, akijizungushia kidoleni futi ya kupimia mpaka ncha ya kidole ikawa nyekundu. Ndani hakusikia kitu ila kiti kusogea, kisha kiti tena. Baada ya dakika arobaini mlango ulifunguliwa.

"Matano kati ya sita," akasema mwalimu mkuu. "Inatosha."

Wapo wanaosema siku ile alichagua vibaya, na wapo wanaomsifu. Mimi nasema kosa lilifanyika Alhamisi. Angeweza kukiacha kitambaa ukutani na kumwandikia mwalimu maneno mawili: mtoto anaumwa, njoo uone. Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini sheria ile haikuwa mali yake peke yake. Ilikuwa kinga ya kila mtoto aliyekalia yale majora.

Saa kumi ya siku ile ile watoto walikuja, wakakuta ukuta mtupu.

"Mama Chaki, tumekosa nini?" akauliza mdogo kuliko wote.

"Hamjakosa. Nimekosa mimi."

Sindano aliipata nafasi. Wengine kumi na wanane hawakupata mwalimu mwingine, na wanne kati yao walikuwa bado hawajajua kusoma.