Jumba la Opera la Kadibodi

Tangazo kwa wakazi wote wa Valencia, walio macho na waliolewa: jiji letu limejaliwa wajenzi wawili wa jumba la opera. Wa kwanza ni yule msanifu mashuhuri, aliyelifinyanga zege jeupe kama sanamu, likapinda huku na huku hata likakosa kona. Wenye heshima zao huliita jicho. Sisi wa mtaani twaona samaki aliyevaa kofia ya askari. Wa pili ni Amadeu Ferrandis, mchonga sanamu za Machi, aliyelijenga jumba hilohilo kwa mbao na kadibodi katikati ya uwanja wetu. La kwanza litadumu. La pili, kama sanamu zote za Machi, lilingoja kuchomwa usiku wa Mtakatifu Yosefu.

Mlangoni Amadeu alimketisha mwanamke wa nta, sindano mkononi. Huyo ni Empar, mkewe, aliyeshona mavazi ya waimbaji katika jumba la kweli mpaka maradhi yakamlaza, yakamchukua. Uso ule Amadeu aliufinyanga kando ya kitanda cha mgonjwa, kisha kalibu yake ikapasuka. Uso mwingine hakuna.

Tumaini lilikuwa moja. Kila mwaka jiji hupiga kura, sanamu moja ikanusurika moto na kupelekwa makumbusho. Amadeu alimpeleka Empar wa nta kwenye maonyesho, akasimama kando yake kutwa, akiwatazama watu kama muuza samaki jua likimpandia. Ikashinda sanamu ya bibi mnene anayemlisha mjukuu uji. Sanamu za maaskofu tunachoma, za mawaziri tunachoma. Bibi mwenye mjukuu, tena ana paka? Hatuthubutu.

"Shemeji, mtoe," alisema Tonica, dada wa marehemu. "Weka hata ndoo pale, nani atajua?"

"Mtaa mzima."

"Mtaa mzima umelewa tangu juzi!"

Basi akaking'oa kichwa, akakifunga ndani ya koti. Hakufika mbali. Boro, mwenyekiti wa kamati ya mtaa, alimzuia ukingoni mwa uwanja.

"Mzee Amadeu, mwaka jana nilikuomba niitoe sanamu ya mbwa wangu. Hata sikio tu! Ulinijibuje?"

Amadeu akalikumbatia koti.

"Ulisema asiyepata kura huungua. Mbele ya wanangu."

"Mbwa mwenyewe alikuwa hai, Boro. Alilala chini ya meza yako."

Boro akatazama viatu vyake. "Najua, mzee. Lakini nikikuachia wewe, kesho nimkatalie nani?"

Amadeu alirudi mwenyewe. Akakiweka kichwa mahali pake, akainyoosha sindano. Bendi ikapiga, wazimamoto wakalowesha kuta za majirani, moto ukatiwa. Mapaa yale yaliyopinda yalisimama kitambo. Uso haukusimama. Tonica alimtukana Boro, akawatukana wapiga kura, akamtukana Mtakatifu Yosefu, kisha akalia.

Binti wa televisheni akajipenyeza na kipaza sauti. "Mzee, hongera! Mapindo yale, kama ya msanifu mwenyewe! Na yule mama wa mlangoni, uso uliojaa uhai vile, alikuwa nani?"

"Nta," alisema Amadeu. "Huyeyuka upesi."