Msusi wa Garland Katoa Kitana Mdomoni

Jamani, msusi ameongea! Mteja mmoja, Yasinta, alikuwepo, kakaa kwenye kochi anasubiri zamu yake, na mpaka leo anacheka peke yake. Msusi huyu wa Garland, kule Texas, anasukaga kitana kiko mdomoni, barakoa kidevuni. Akisema "mh" mara moja, inama. Mara mbili, geuka. Vidole vyake havisimami hata simu ilie vipi. Sasa Jumamosi hiyo kwenye TV wanabishana kuhusu yule mama anayegombea umakamu wa rais wa Marekani, kazaliwa huku huku ila eti wazazi wake wahamiaji. Mama Isack, kichwa kimesukwa nusu, akadakia: "Haruhusiwi! Wazazi hawakuwa raia alipozaliwa."

Binti wa msusi, miaka minane, akaacha tablet yake. "Mama, so na mimi siwezi kugombea?"

Vidole vikasimama. Kitana kikatoka. "Dada, huyu nimemzaa hapa hapa Texas, nikiwa na viza ya shule tu, si raia. Hebu rudia, na nywele zako nimezishika."

"Aa, mwenzangu, mimi nasema tu! Kazaliwa hapa, inatosha. Ataweza, hata urais wenyewe!"

"Umesikia, mama?" msusi akamwambia binti yake. "Mpaka urais."

Mtoto akarukaruka juu ya kochi, Yasinta aliyekaa hapo naye akarushwa juu. Mtumie na mwenzako asome, hasa mwenye mtoto aliyezaliwa huku.