Tumechaguliwa Chuo

Siku majina ya waliochaguliwa kujiunga na chuo yalipotoka, mama yake Sponji alitoka mbio kwenye duka la dobi anakofanya kazi, shati la mteja mkononi, vigelegele mtaa mzima.

"Tumechaguliwa! Tunaenda chuo!"

Wanasarufi husema "tu" ni wingi wa nafsi ya kwanza. Hawajakutana na mama huyu. Mtihani wa hesabu "tulifaulu". Ule wa fizikia "mtoto alifeli".

Sponji mwenyewe, binti kitinda mimba, miaka kumi na tisa, wakati huo alikuwa amelala chali chini ya kochi la watu kwenye karakana ya mjomba wake, misumari mdomoni. Jina alilipatia humo. Tangu amalize shule alikuwa akijifunza ufundi wa makochi, na raha aliyopata kulivua kochi kuukuu nguo zake na kulivisha upya ilikaribia kuwa dhambi. Bingwa hakuwa. Kochi lake la kwanza lilimmeza mteja mpaka kiunoni. Alicheka, mteja akacheka, na kesho yake Sponji akawahi kazini kama anayewahi harusi.

"Tumepata shahada ya mipango!" mama akamtangazia alipofika mlangoni pa karakana.

"Mipango ya nini, mama?"

"Mipango tu! Mengine utaambiwa hukohuko."

Mjomba akasonya. "Dada, mwenyewe umemuuliza?"

"Wewe gonga misumari yako."

Ugumu ulikuwa hapa: mama aliacha shule kwa mimba ya mtoto wake wa kwanza, na tangu hapo hajawahi kupita mbele ya lango la chuo bila kupunguza mwendo. Sponji alilijua hilo. Akikubali, kwaheri karakana. Akikataa, anamvunja mama moyo. Basi akafanya wanachofanya vijana wengi: akanyamaza, akafunga begi. Chuo ni kitu kitamu kwa anayekitaka. Sisi tumeamua kukigawa kama chanjo, kila kijana mkono nje, hata asiyeitaka.

Siku ya kwanza mama akamsindikiza mpaka getini. Halafu mpaka kwenye korido. Halafu, "nikuone tu umekaa wapi," mpaka ndani ya ukumbi, safu ya mbele, mkoba magotini. Sponji, kando yake, alikuwa ameshaingiza kidole kwenye tundu la kiti, anachunguza kimeshindiliwa nini.

"Nani ataniambia mpango ni nini?" mhadhiri akauliza.

Ukumbi mzima ukainamia simu. Mkono mmoja ukapaa.

"Mpango ni kile anachokuwa nacho mume kabla mshahara haujatoka."

Ukumbi ukapasuka. Mhadhiri akavua miwani kufuta machozi. "Na ukishatoka?"

"Hapo inakuwa historia, mwalimu. Hiyo si inafundishwa chumba kingine?"

"Mama, wewe uko mwaka wa ngapi?"

"Ndio kwanza nimeanza."

Nimeanza! Sponji akageuka kumtazama. Hajawahi kumsikia mama akijitaja peke yake namna ile.

Kipindi kilipoisha alimshika mkono kwenye korido. "Mama, mimi chuo sikitaki."

"Na mimi nilidhani wiki nzima unaumwa tumbo."

"Nataka makochi. Sijui kama yatanitoa kimaisha. Ila nayataka."

Mama akaukumbatia mkoba. "Hata kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili yako nimekaa safu ya mbele. Lakini mle ndani, mama, aliyekuwa anasoma ni wewe."

Mhadhiri akawapita, vitabu kwapani. "Mama, tuna darasa la watu wazima, jioni. Ofisi ya usajili ni ghorofa ya juu. Wahi, wanakaribia kufunga."

Mama akabaki katikati ya korido, anatazama ngazi, anamtazama binti, anatazama ngazi tena.

"Nitaonekana kichaa."

"Utaonekana mwanafunzi. Hakuna tofauti."

Kicheko kikamtoka mama pamoja na chozi, vyote mara moja, akajifuta kwa mkoba. Akapanda ngazi mbili. Sponji akamfuata kumshika mkono.

"Unakuja wapi? Nenda kazini!" Sauti tayari ilikuwa ghorofani. "Na maharage uyainjike mwenyewe, leo nina shughuli!"