Mzizi wa Chuma, Mzizi wa Kauri

Mwaka 2023, wakati wa masika, nikiwa na umri wa miaka sitini na mmoja, niliamua kuliziba pengo ambalo nyanya yangu alilifungua kule Rusinga nilipokuwa msichana. Alining'oa meno sita ya chini kwa desturi ya Kijaluo, ijapokuwa wengi walikwisha kuiacha. Sikuwahi kuona haya. Niliolewa Uriri nikiwa na pengo hilo, nikamzika mume, kisha nikaanza shule nikiwa tayari na wajukuu. Lakini nilipopewa kazi ya kusoma Maandiko kanisani, maneno yalinitoka kwa mluzi, nami sikujifunza kusoma ukubwani ili nisikike nusu.

Alhamisi, tarehe 13 Aprili, daktari wa meno mjini Homa Bay aliniwekea kiganjani vijiti viwili vilivyosokotwa kama skrubu, mizizi ya kushikia meno ya bandia tayani.

"Mama, hiki ni titani, chuma. Mfupa hukishika vizuri, nasi tumekitumia miaka mingi. Hiki cheupe ni kauri. Hakionyeshi kivuli kwenye ufizi, lakini kikiwa chembamba huweza kuvunjika, na taya lako limepungua kwa kukaa bila meno."

Nilitaka cheupe. Aliniazima vyote viwili nikafikirie, akanivika meno ya plastiki niyazoee.

Nilifika nyumbani jua lingali juu, nikabisha kwa mama mkwe wangu, ambaye haoni.

"Hodi, Mama."

"Nani wewe uliyevaa sauti ya mke wa mwanangu?"

"Ni mimi."

"Mimi ni wengi. Nyar Rusinga, binti wa Rusinga, hupiga mluzi akisema."

Nilicheka. Yeye hakucheka. "Usipite dirishani pake," alisema. "Atauliza ni mgeni gani."

Chini ya dirisha hilo ndipo mume wangu anapolala kaburini tangu 2009. Mjane kwetu huitwa chi liel, mke wa kaburi, na jina hilo nimelibeba kichwa kikiwa juu. Kaburi likinikana, ningekuwa nani katika boma lile?

Niliyatoa meno ya plastiki, nikampa vijiti. Cha chuma alikiviringisha, akakiweka kando. "Msumari." Cheupe alikishika muda mrefu.

"Hili jino ni la nani?"

"Si la mtu, Mama. Limechomwa kiwandani."

"Yako sita yalizikwa wapi?"

"Nyuma ya ghala la nyanya yangu."

"Basi moja limefukuka. Weka chuma, binti yangu. Chuma hakina ndugu. Mfupa wa mgeni utawaita wenzake."

Nilijua kauri ni nini. Nilikuwa nimeelezwa asubuhi ile ile. Hata hivyo, nilipokipokea, kilikuwa na joto kuliko kiganja chake.

Tarehe 22 Agosti nilitiwa chuma. Daktari alifurahi, akidhani nimemsikiliza yeye.

Jumanne, tarehe 19 Machi 2024, alinifungia meno ya kudumu, akatangaza kazi imekwisha. Nyumbani nilimkuta shemeji yangu mkubwa, mwenye boma, ameitwa kushuhudia kama bado ni mimi. Nilisimama mlangoni na sauti isiyo na mluzi.

"Hodi."

Shemeji alikohoa.

"Ingia, nyar Rusinga," alisema Mama. "Wewe ni wa hapa, na neno hili limekwisha."

Shemeji aliitikia kwa kichwa. Kisha Mama akageuka, si kwake, bali kwenye dirisha lililokuwa wazi.

"Si nilikwambia ni yeye?"